Daftari la Viota

Kaka yangu aliongoza wageni katika msitu wa mikoko kwa miaka kumi na tisa, na neno la kwanza alilowaambia kila asubuhi, kabla hata hawajakaa sawa kwenye mtumbwi, lilikuwa "nyamazeni". Wenzake wa chama cha waongozaji wakamwita Nyamaza. Jina likamganda, hata watoto wangu walimwita Mjomba Nyamaza. Mwenyekiti wa chama, mwanamke tunayemwita Mama Chumvi, hakuchoka kumtania: "Duniani kote mwongozaji anaajiriwa aseme. Huyu wetu ameajiriwa awafunge watu midomo." Kaka alitikisa kichwa tu, akachukua upondo wake na kuusukuma mtumbwi.

Mimi ni mdogo wake wa pekee, na ndimi niliyemfumba macho. Siku ya mazishi yalisemwa mengi mazuri juu yake, na yote yalikuwa kweli. Lakini aliyeyasema hakustahili kuyasema. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kazi yake. Maji yakipwa, tope la mikoko hutoa sauti ndogondogo, kama mafuta yanayoanza kuchemka kwenye kikaango. Mtu anayeongea haisikii. Kaka aliwanyamazisha wageni mpaka waisikie, na walipoisikia walitazamana kama watoto. Hapo ndipo alipoanza kusema, kwa sauti ya chini. Aliwaonyesha mizizi iliyochomoza topeni kama vidole. "Mti huu unapumulia nje. Ukikanyaga hapo umemkanyaga mtu pua." Aliwaonyesha kaa mwenye gando moja kubwa na jingine dogo. "Mkono mdogo wa kulia chakula, mkubwa wa kuringia. Bwana harusi huyo." Wageni walicheka, naye akaweka kidole mdomoni.

Kisha aliwapeleka mahali pakavu katikati ya msitu, ambapo watu wa zamani walichemshia maji ya bahari kupata chumvi. Pana kichuguu cha majivu magumu na vigae vya vyungu vimetapakaa. Hapo Mama Chumvi aliwapokea na kuwaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, maana bibi yake aliifanya. "Mnapiga picha vyungu vilivyovunjika," aliwaambia. "Vizima viko jikoni kwangu, hakuna anayeomba kuviona."

Safari iliishia hapo. Ng'ambo ya maji, mbali kidogo, palionekana miti ambayo kila jioni iligeuka kuwa myeupe kwa yangeyange waliokuja kulala. Chini ya miti ile kuna hori, mkono mwembamba wa maji ya bahari, tunaloliita Hori la Ndani. Huko ndiko ndege hao walikotaga. Wageni walimwomba kaka awasogeze. Aliwaambia, "Mimi mwenyewe nikija kwenu siingii chumba cha kulala." Ilikuwa kanuni ya chama kizima: msimu wa mayai hakuna anayeingia Hori la Ndani isipokuwa Nyamaza, peke yake, mara mbili kwa msimu, kuhesabu viota.

Kanuni hiyo ilikuwa na chanzo. Mama yetu alipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na sita, mimi saba. Shule alikuwa ameshaiacha darasa la nne. Akaanza kukata nguzo za mikoko na kuwauzia wajenzi, na nguzo hizo ndizo zilizonisomesha mpaka kidato cha nne. Siku moja aliangusha mti bila kutazama juu. Ulikuwa na viota. Makinda walianguka topeni, wengine wakiwa hai, na maji yalikuwa yanajaa. Aliwaokota mpaka kofia ikajaa, halafu hakujua awapeleke wapi. Alifika nyumbani na kofia ikiwa tupu, akaketi uani, akaniuliza kama kuna sala ya ndege. Nilikuwa nimeshamaliza shule, naye alidhani najua kila kitu. Nikamwambia sala ni moja. Basi tukasali. Hakukata mti tena.

Mume wangu alikuja nyumbani kwetu kwanza kama rafiki yake. Alikuwa katibu wa chama, mtu wa maneno mazuri, mwandishi wa barua, mcheshi. Kaka ndiye aliyeniuliza kama nitamkubali. "Mimi kazi yangu kunyamaza, yeye kazi yake kusema," alisema. "Ukimchukua huyu, nyumba yako haitakosa mazungumzo." Sikujuta kwa miaka mingi. Mke wa kaka alipofariki bila mtoto, mume wangu ndiye aliyesema, "Shemeji ahamie kwetu, chumba cha uani kipo." Na moyo wa kaka ulipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, mume wangu alimbeba mgongoni mpaka zahanati huku akimtania: "Shemeji, tope la miaka yote hiyo limekuingia mifupani, una uzito wa mtumbwi." Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa nalala na nyoka. Nililala na mtu.

Sasa daftari. Kaka alihesabu viota kwa macho, lakini kuandika kulimchosha, kwa hiyo aliporudi alioga, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, na mimi nikaandika. Daftari lilikuwa na safu nne: tarehe, maji, idadi ya viota, aliyeingia. Katika safu ya mwisho, kwa miaka tisa, niliandika neno lilelile: Kaka.

"Mbona tunaandika kila mara jambo hilohilo?" nilimuuliza.

"Ili siku likibadilika tujue."

Ukurasa wa kwanza aliniandikisha jinsi ya kuingia, nadhani kwa ajili ya siku ambayo hatakuwapo. Kwenye mdomo wa hori kuna kizingiti cha tope, na karibu nacho kuna mti wenye kamba tatu alizozifunga mwenyewe kuzunguka shina. Maji yakifika kamba ya pili, mtumbwi unapita juu ya kizingiti. Hayo niliyaandika. Jinsi ya kutoka hakunieleza. Kwake kutoka kulikuwa jambo la mwili, kama mtu anavyoutoa mkono motoni. Aliingia, akahesabu huku akigeuza mtumbwi, akatoka kabla maji hayajaanza kurudi. Hakufikiri kwamba kuna mtu wa kuambiwa hivyo.

Mwaka huu, msimu wa mayai ulipofika, hakuweza kwenda. Daktari alimkataza hata kubeba ndoo. Alikaa mlangoni pa chumba chake, akitazama sehemu ya mbingu ambapo ndege hupita asubuhi na jioni. Siku moja mume wangu alinikuta chumbani nakunja nguo.

"Mama watoto, lile daftari la viota liko wapi?"

"Sandukuni. La nini?"

"Chama kinaandaa maelezo ya msitu. Nataka ninakili idadi ya viota, miaka yote."

"Si umuulize mwenyewe? Yupo hapo nje."

"Amesinzia. Nimwamshe mgonjwa kwa ajili ya daftari? Kesho unalo mkononi."

Sikuacha hata kukunja ile shuka. Nilimpa ufunguo. Kesho yake alilirudisha kama alivyoahidi, tena alikuwa amelivalisha jalada la gazeti, pembe zimekunjwa vizuri. Nikamshukuru.

Siku nne baadaye nilikuwa naosha vyombo uani. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kivuli kilipita juu ya karai, kingine, kisha vingi. Nilipotazama juu, yangeyange walikuwa wakizunguka juu ya paa letu na kuelekea tena msituni, hawana mpango.

"Saa ngapi, dada?" kaka aliuliza kutoka mlangoni.

"Saa sita kasoro."

"Saa sita kasoro, na wote wako juu."

"Labda kuna kipanga."

"Kipanga akija wanaruka, kisha wanarudi. Jua hili linapika mayai." Alikinga macho kwa kiganja. "Tungoje."

Tulingoja. Saa saba. Saa nane. Niliacha vyombo vikakauka na sabuni yake. Ndege walikuja na kwenda, na kila walipoelekea msituni kaka aliinua kidevu kama anayewasukuma watue, na kila walipoinuka tena alikishusha.

"Kuna mtu chini yao," alisema mwishowe. "Na hawezi kutoka. Maji yamemfungia mlango."

"Nani aingie huko?"

"Shemeji yuko wapi?"

"Amewapeleka wageni kwenye chumvi."

"Mpigie. Aende akamtazame huyo mtu."

Nilipiga. Simu haikupatikana, na sikushangaa, maana ndani ya mikoko mawasiliano hukatika. Kaka akaona haitoshi. Alisimama, akautoa upondo wake ulioegemea ukuta, akaanza kuelekea langoni kwa ile miguu iliyovimba. Nilimfuata nikimsihi. Alifika langoni, akashika nguzo, akateleza taratibu mpaka chini, upondo ukiwa bado mkononi. Mimi na jirani tulimrudisha kitandani. Saa kumi kasorobo akasema, "Maji yanajaa sasa. Atatoka." Hakusema zaidi.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja, tope mpaka mapajani. Alipita mlangoni kwa kaka kumjulia hali.

"Shemeji, leo tumepatikana. Mtumbwi umekwama mferejini, wageni wamekaa juani kama nguo."

Kaka alimtazama miguu, kisha uso.

"Pole, shemeji," alisema. "Kaoge."

Nilichukua suruali yake niiloweke. Nilipoukunjua upindo wa mguu wa kushoto, tope likadondoka, na ndani yake palikuwa na kipande cha ganda la yai, chembamba, rangi ya samawati iliyopauka. Hakuna kuku anayetaga yai la rangi hiyo. Nilikaa na kile kipande kiganjani mpaka mume wangu alipotoka bafuni na taulo.

"Hiki nini?"

Alikitazama. Hakujitetea kwa uongo, hilo nampa haki yake.

"Walitaka dakika kumi tu, mama watoto. Wapiga picha wa kampuni inayoleta wageni. Wakiridhika na picha, watatujengea njia ya mbao juu ya tope, kuanzia kwenye chumvi. Ni faida ya chama kizima. Hata yake."

"Uliniambia unanakili idadi."

"Nilinakili."

"Na ukurasa wa kwanza?"

"Nikanakili na huo." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Tuliingia kamba ya pili, kama ulivyoandika. Nikageuka kuwaonyesha viota, kugeuka tena, kizingiti kiko nje kikavu. Saa tano hadi saa kumi. Daftari halikusema maji ya bamvua yanatoka mbio namna ile."

"Kwa hiyo kosa ni la daftari."

"Sijasema hivyo."

"Ni kosa langu basi, mimi mwandishi."

"Sikiliza. Usimwambie. Moyo wenyewe ule unaujua. Ukimwambia, utakuwa umemuua wewe, si mimi."

Nikanyamaza. Katika sala yangu ya jioni ile nilimwomba Mungu amfiche kaka yangu jambo hilo. Sasa najua niliomba nini: niliomba Mungu anisaidie kusema uongo.

Siku ya tatu, kwa ombi la kaka, Mama Chumvi alikwenda kutazama kutoka ng'ambo. Alirudi akaketi kwenye mkeka wa kaka bila kutania.

"Weupe hakuna, Nyamaza. Nimekaa mpaka jioni. Kunguru tu, wamejaa matawini kama watu wa msibani, wanashuka na kupanda na vitu midomoni."

"Hata kiota kimoja?"

"Hata kimoja."

Alipoondoka, kaka aliniita. "Lete daftari."

Nililitoa sandukuni, nikamkabidhi. Aliligeuza mara mbili. Alipitisha kidole gumba kwenye pembe za jalada la gazeti.

"Nani amelivalisha?"

Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka kama mlango ulioachwa wazi mbele yangu.

"Mimi," nikasema.

"Umelivalisha vizuri. Kama vitabu vya chama."

Vitabu vyote vya chama vilivalishwa na mtu mmoja, na kaka alikuwa amevibeba kwenye mikutano miaka kumi na tisa. Akanirudishia. "Andika."

Niliandika tarehe. Maji: bamvua. Viota: sifuri.

"Aliyeingia," alisema.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Kupitia ukuta nilimsikia mume wangu akiwasaidia watoto hesabu, wakicheka.

"Sijui, kaka."

Alifumba macho. "Basi acha wazi."

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Hakuniuliza tena, wala hakumnunia mume wangu. Lakini alianza kunishukuru. Nikimpa maji, ahsante. Nikimgeuzia mto, ahsante. Nikimletea dawa, ahsante sana. Maisha yetu yote hatukuwa tunashukuriana, mimi na yeye. Nani anaushukuru mkono wake? Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru muuguzi mwema asiyemfahamu. Asubuhi ya mwisho nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Kaka, lile daftari," na mdomo wake ukasogea, lakini hakuwa akiongea nami tena. Nikasali kwa sauti. Sijui kama alinisikia.

Mume wangu ndiye aliyezungumza kaburini. Alisema Nyamaza aliupenda msitu kuliko nafsi yake, kwamba alikuwa rafiki, shemeji na mwalimu wake. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Watu walimshika mkono, wakanishika na mimi, wakasema nimebahatika kubaki na mtu kama huyu.

Miezi miwili ilipopita, kampuni ikajibu. Picha zimependeza. Watajenga njia ya mbao kutoka kwenye chumvi mpaka Hori la Ndani, na mkutano wa chama uliitishwa kupitisha mpango huo. Mume wangu alinisomea barua mezani baada ya chakula.

"Na nimependekeza jina," alisema. "Iitwe Njia ya Nyamaza. Kibao kikubwa pale mwanzoni, na picha yake. Unaonaje, mama watoto?"

"Ipite chini ya viota?"

"Pembeni kidogo. Ndege watazoea."

"Yeye angekubali?"

"Marehemu hakatai kuheshimiwa."

Nilikusanya sahani. Alipotoka kwenda kwa fundi kuulizia kibao, nilifungua sanduku, nikatoa daftari, nikaketi kwenye kile kigoda cha jikoni. Nilianza na sala fupi. Kisha nikaijaza safu.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha chama, kile chenye viti vya plastiki na ramani ya msitu ukutani. Walikuwa waongozaji tisa, Mama Chumvi mezani, mume wangu kando yake na makabrasha. Mimi si mwanachama. Nilisimama mlangoni mpaka Mama Chumvi aliponiona.

"Ingia, dada wa Nyamaza. Hapa si kwa watu. Umekuja kusikia jina la kaka yako?"

"Nimeleta kitu chake."

Mume wangu aliliona lile jalada la gazeti kabla ya mtu yeyote. "Mama watoto," alisema taratibu, "tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumeshaongea."

Mama Chumvi alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, mwaka kwa mwaka: tarehe, maji, viota mia moja na nne, aliyeingia Kaka. Viota mia moja na ishirini, Kaka. Mia moja thelathini na kimoja, Kaka. Waongozaji walianza kutabasamu, wengine wakitikisa vichwa, kama watu wanaosikia hatua za mtu wanayemjua. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho. Alisoma tarehe. Alisoma bamvua. Alisoma sifuri. Hapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akalisukuma daftari pembeni mwa meza mpaka likamgusa mume wangu kiwiko.

"Hapa soma mwenyewe, Katibu."

Alifuata mstari kwa kidole. Hakuna aliyemharakisha. Chumba kizima kilikuwa kimya, ule ukimya ambao kaka yangu aliutafuta kwa wageni kila asubuhi ili wasikie kilichopo. Kisha mume wangu alisoma jina lake. Sauti haikumtoka vizuri, akarudia. Alikuwa anataka kulifunga daftari, lakini Mama Chumvi aliweka mkono juu ya ukurasa.

"Kuna jingine chini yake."

Mume wangu alininyanyulia macho. Nikamwashiria kwa kichwa aendelee, naye akasoma jina langu.